Dawa ya Zizi Zima

Emerensiana binti Fulgensi hakuwa na mpango wowote wa kufanya kazi na kansa. Watu wa Ifakara wanaomwona leo kwenye kile chumba chake chenye viti viwili, anaongea na wagonjwa taratibu kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote, wanadhani alizaliwa na moyo huo. Hawakumjua zamani. Zamani kansa ilikuwa kitu alichokikimbia mchana kweupe, na wala hakuona haya.

Alikuwa na sababu. Mama yake mdogo, Angelina, yule aliyekuwa akiuza maandazi karibu na parokia, alitokwa na uvimbe kwenye titi akauficha chini ya kanga mpaka ukapasuka. Alipokubali kupelekwa Dar es Salaam, dawa alizorudi nazo zilimnyonyoa nywele, zikamng'oa kucha, zikamtapisha hadi nyongo, na bado akafa kabla mpunga wa mwaka ule haujavunwa. Emerensiana alikuwa msichana wa sekondari. Ndiye aliyeshika beseni. Aliposomea dawa chuoni, akarudi kwao, akapewa kazi kwenye dirisha la dawa la hospitali, lile beseni alirudi nalo kichwani.

Kwa hiyo Daktari Gasper alipomfuata na kumwambia hospitali inataka kufungua kliniki ya kansa, na anatafutwa mfamasia mmoja wa kwenda kuzisomea dawa zake, Emerensiana hakungoja amalize.

"Mtafute mwingine, daktari. Mimi nimesomea dawa za kuponya watu. Hizo ni za kumsindikiza mtu kaburini na kumtesa njiani."

"Yule binti wa Kisukuma, Minza, naye anasindikizwa?" Gasper akauliza. "Mbona anarukaruka?"

Hapo Gasper alimpata, maana Minza alikuwa kweli anarukaruka. Alikuwa msichana wa darasa la pili mwenye kansa ya damu. Alitibiwa Dar es Salaam miezi mingi, akapata nafuu, akarudishwa nyumbani na vidonge vya kuendelea navyo kwa muda mrefu. Ili baba yake asisafiri kila mara, vidonge vilikuwa vinatumwa Ifakara, Emerensiana anamkabidhi. Vya kila siku, na vile vidogo vya njano vya Jumapili peke yake. Alikuwa anampa, anamweleza, basi. Anamwita mwingine aliye nyuma.

Isitoshe alikuwa anaondoka. Yeye na mumewe Stanislaus, fundi seremala, walikuwa wamepata fremu nzuri mtaa wa Viwanja Sitini ya kufungua duka la dawa. Stanislaus alitengeneza rafu kwa mkono wake, za mninga, akazipiga vanishi mpaka unajiona uso. Kilichobaki ni mkaguzi kuja kuangalia duka na kumkuta mfamasia wake humo ndani. Mkaguzi huyo walimsubiri muda mrefu, na siku aliyosema anakuja ndiyo siku hii ninayoisimulia.

Asubuhi hiyo foleni ya dirishani ilikuwa imefika nje, kwenye jua. Masika, malaria imechachamaa, watoto wanalia. Akatokea Seni, baba yake Minza: kofia ya pama, mabuti ya mpira yenye tope mpaka magotini, fimbo mkononi.

"Mwangaluka, mayu," akasalimu kwa Kisukuma chake, akimwita mama.

"Mwangaluka, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Dawa zimekwisha."

Emerensiana akamtazama. Siku yake ya kuchukua dawa ilikuwa bado. "Zimekwisha vipi? Si nilikupa za kutosha mpaka mwezi uishe?"

"Za kila siku zipo. Minza anakunywa kama ulivyoniagiza. Ni hizi za njano za Jumapili. Safari hii unipe nyingi."

"Zililowa? Zilimwagika?"

"Mimi nimwage dawa?" Seni akacheka. "Mimi ni mtu wa ng'ombe, mayu. Dawa ninaiheshimu kuliko wewe."

Nyuma yake mama mmoja akapaza sauti. "Jamani dada, tunaota mizizi huku! Mwambie akusimulie siku nyingine!"

Seni hata hakugeuka. Akainama karibu na kioo. "Halafu unisaidie na ile ya zambarau ya kupaka mdomoni. Kitinda mimba wangu, Limi, ametoka vidonda mdomo mzima. Ziwa la mama yake analia tu akiliona. Na wale wavulana wawili nao midomo imeanza kuchanika."

Kalamu ya Emerensiana ikasimama. Kuna mambo mfamasia huyajua hata usingizini, na hili ni mojawapo: ile dawa ya njano ikizidi mwilini, kwanza hubisha hodi mdomoni.

"Minza mwenyewe mdomo wake ukoje?"

"Minza mzima. Jana alikuwa anakimbiza ndama."

"Baba Minza," akasema, na sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine, "zile za njano nani mwingine amekunywa?"

Seni akavuta pumzi, akanyooka, kama mtu aliyekuwa anangoja aulizwe apate kusifiwa. "Wote."

"Wote nani?"

"Watoto wote. Mayu, ng'ombe mmoja akishikwa na ndigana, unamtibu huyo peke yake? Hiyo ni akili gani? Unatibu zizi zima! Daktari wa Dar aliniambia ni ugonjwa wa damu. Sasa damu yao si moja? Ningoje na mwingine aanguke? Na nilipima kwa ukubwa, sikukurupuka. Wavulana kidonge kizima, Limi nikamkatia nusu. Mgonjwa anakwenda pole na Jumapili zake. Wazima wanapewa mfululizo, kila asubuhi, wamalize kabla maji hayajapanda tukahamisha ng'ombe."

Alikuwa ameeleza vizuri kabisa, kwa utaratibu, kama mganga wa mifugo. Hakuna alipodanganya wala alipofanya uzembe. Emerensiana akajikuta ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Digna," akamwambia mwenzake, bila kugeuza kichwa, "shika dirisha."

"Na foleni hii yote?"

"Shika dirisha!"

Akamwingiza Seni kwa mlango wa pembeni, wakaenda moja kwa moja kwa Gasper. Gasper alisikiliza amesimama.

"Huyo mdogo ana umri gani?"

"Bado ananyonya," Emerensiana akajibu.

Daktari akakaa chini. Dawa ile kazi yake ni kuzuia kitu kisikue. Kansa hukua haraka, ndiyo maana inaikamata. Lakini ngozi ya mdomo nayo hukua haraka, na utumbo, na damu ndani ya mifupa. Na mtoto anayenyonya, yeye anakua kila mahali.

"Ya kuzimua tunayo?" Gasper akauliza.

"Ipo. Kidogo." Ilikuwepo kwa ajili ya akina mama wenye mimba iliyotunga nje ya kizazi, wanaotibiwa kwa dawa hiyohiyo ya njano. Emerensiana alikimbia kwenda kabatini. Digna alipomwona anapekua, akamnyooshea kopo la vidonge vya damu vya wajawazito, akidhani amesaidia.

"Siyo hizo. Hizo ni ndugu yake tu, kwa kazi hii hazifai." Akaipata nyuma kabisa, boksi dogo lisiloguswa mara nyingi. Akalifunga kwenye mfuko wa plastiki, juu yake mfuko mwingine.

Gasper alikuwa ameshamwita dereva, Valentino, aandae gari. Seni aliposikia gari akainuka, uso umebadilika.

"Gari hapana."

"Baba, watoto wako..."

"Daktari, sikia. Gari lenye namba za serikali likionekana mbugani, mke wangu atachukua watoto azame nao kwenye matete, na huko mimi mwenyewe sitamwona. Tangu ile operesheni ya kuhamisha mifugo, kwetu gari ni gari. Hawangoji kuuliza limebeba nini. Na simu yake haipati mtandao mpaka apande kichuguu, na mvua hii hapandi."

Emerensiana akasikia mdomo wake unasema, "Nitapanda pikipiki yake. Gari litufuate kwa mbali, libaki barabara kuu."

"Wewe?" Gasper akashangaa. "Nimtume nesi."

"Dawa nilimkabidhi mimi. Nesi atapoteza nusu ya siku akijieleza yeye ni nani."

Akampigia mumewe. Stanislaus alikuwa dukani, anasikika anafagia.

"Mama Frida, uko wapi? Mkaguzi ameshapiga simu, yuko njiani. Asipokukuta humu anafunga faili lake anaondoka."

Akamweleza kwa kifupi. Ufagio ukanyamaza.

"Msukuma wa mbugani? Hao si ndio waliolisha mpunga wa baba yako ukaisha wote, mzee Fulgensi akabaki anaokota mabua?"

"Hao, au ndugu zao, sijui. Mtoto wa kunyonya hakulisha mpunga wa mtu."

Stanislaus akafagia mara mbili tatu, akaacha. Halafu akasema, "Mabuti yangu niliyaacha jana kwa mlinzi hapo getini. Vaa hayo. Usiende majini na hivyo viatu vyako vya kanisani."

Wakaondoka. Darajani walipita kama upepo. Mahali pale enzi za pantoni ungeweza kukesha ng'ambo ukisubiri, na wagonjwa walikufa wakiyaangalia maji. Siku hiyo Emerensiana alilishukuru lile daraja kila nguzo. Baada ya Lupiro barabara ikawa uji. Pikipiki ilikuwa inakwenda upandeupande kama kaa, yeye ameshika mkanda wa mwanamume asiye mumewe, dawa ameifunga kifuani chini ya kanga. Upande wa milima wingu lilikuwa jeusi, linashuka.

Seni aliinama kwenye usukani. Ghafla akauliza bila kugeuka, kwa sauti ya kushindana na injini, "Mayu, nimewaua?"

Emerensiana angeweza kumfariji. Dirishani alikuwa na maneno ya kila aina: atapona, usijali, Mungu yupo.

"Sijui, baba. Endesha."

Wakamwacha Valentino na gari kwenye senta kabla ya Malinyi, wakashika njia ya mbugani. Haikuchukua muda pikipiki ikazama mpaka kwenye injini. Wakaiegesha juu ya kichuguu, wakaanza kutembea katikati ya mashamba ya mpunga, maji yanawafika magotini, mpunga umeshaanza kuinamisha masuke. Juu ya dungu la kuwingia ndege alikaa mzee mwenye kombeo. Seni alimtambua, na hatua zake zikawa fupi. Alikuwa mzee Anselim, waliyeshtakiana naye mara mbili kwa mtendaji juu ya ng'ombe walioingia shambani.

"We Seni!" mzee akapaza sauti kutoka juu. "Leo umekosa ng'ombe wa kunilishia mpunga, umekuja kuukanyaga mwenyewe? Na huyo mwanamke umemuiba wapi?"

"Mzee Anselim, naomba nipite."

"Zunguka! Njia iko kule!"

Kule kulikuwa mbali, na huko maji yalikuwa ya kufika kifuani. Emerensiana akasogea hadi chini ya dungu, akavua kanga kichwani uso uonekane. "Shikamoo baba. Mimi ni binti Fulgensi wa Lupiro, natoka hospitali ya Ifakara. Nyumbani kwa huyu kuna mtoto wa kunyonya anaumwa. Nikizunguka sitamkuta."

Mzee akawaangalia wote wawili. Akatema mate pembeni, akashuka ngazi polepole kwa hasira zake zote. "Fulgensi namjua. Mpumbavu mwenzangu, naye alilishiwa." Akavuta mtumbwi uliofungwa nyuma ya dungu. "Pandeni. Na wewe Seni, kesi yetu iko palepale, usidhani nimesahau."

"Iko palepale, mzee."

"Haya kaa katikati, utatuzamisha na matope yako."

Kwa mtumbwi ule wakakata mbuga hadi kwenye kilima cha nyumba za Seni. Ng'ombe walikuwa wameshakusanywa, mizigo imefungwa. Kweli walikuwa wanahama. Emerensiana alipoona vile, akashuka mtumbwini mbio. Wangechelewa kidogo wangekuta majivu tu.

Nkwimba, mke wa Seni, alikuwa amekaa mlangoni na Limi mapajani. Mtoto hakuwa analia, na hilo ndilo lililomtisha Emerensiana kuliko yote. Midomo yake ilikuwa imepasuka, myeupe ndani, udenda wenye damu unachuruzika mpaka kifuani. Wavulana wawili walikuwa wamekaa wameegemea ukuta kama wazee. Minza peke yake ndiye aliyekuwa na uhai pale. Aliweka ndoo chini akaja mbio. "Mayu wa dawa!"

Emerensiana akafungua mifuko yake ya plastiki.

"Nini hicho?" Nkwimba akauliza.

"Dawa, mama."

Nkwimba akamkumbatia mtoto, akarudi nyuma na makalio mpaka ndani ya kizingiti. "Dawa. Kila asubuhi nilimfungua mwanangu mdomo kwa vidole hivi hivi, baba yake akaitumbukiza. Mdomo ukaoza. Sasa unaniletea nyingine niitumbukize kwenye kidonda?"

Emerensiana alifungua mdomo kujibu, akakuta maneno yote aliyokuwa nayo ni ya dirishani. Moja asubuhi, moja jioni, baada ya kula. Mwingine! Hakuna hata neno moja la kumwambia mama aliyekaa mlangoni kwake na mtoto anayechuruzika damu. Na hapo, katikati ya tope la Malinyi, akamkumbuka mama mdogo Angelina na lile beseni, jinsi alivyokuwa akiuliza kila mara, "Hii inanichoma kwa nini? Nifanye nini isinichome?" na nyumba nzima hakuna aliyejua wa kumuuliza.

Akakaa chini, palepale kwenye tope, nguo na vyote.

"Umesema kweli, mama. Ni dawa yangu iliyomchoma. Kwa Minza ni dawa, kwa hawa ni sumu, na mimi sikuwauliza nyumbani mko wangapi. Hebu niambie wewe mwenye ng'ombe. Ndama akiinywa dawa ya josho, mnamwacha?"

Nkwimba akamfuta mtoto udenda. "Tukimwacha si atakufa."

"Mnafanyaje?"

"Tunamnywesha ya kuizimua." Akamtazama. "Na wewe hiyo ndiyo ya kuizimua?"

"Ndiyo."

"Atapona?"

Seni alikuwa amesimama nyuma yao, maji yanamtiririka. Emerensiana alitamani kusema ndiyo. "Hilo sijui. Ninachojua, asipoipata leo tutamzika. Akiipata, tuna nafasi."

Ndipo Seni akavua kofia. Akapiga goti mbele ya mkewe, mbele ya watoto na mzee Anselim aliyesimama kwenye mtumbwi akijifanya hasikii, akasema maneno marefu ya Kisukuma. Emerensiana hakuyaelewa. Alielewa tu kwamba sauti ilikatika katikati, na ikaunganishwa tena kwa shida. Nkwimba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha, kwa vile vile vidole, akamfungua Limi mdomo.

Emerensiana alisaga kidonge kwenye maji ya kuchemsha, akakivuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Ya kwanza mtoto aliitema yote, pamoja na damu, ikamwagikia kanga. Vidonge vilikuwa vichache, na wavulana nao walikuwa wanangoja. Akasaga kingine. Safari hii alipitisha ncha ya bomba pembeni, kwenye shavu, akadondosha tone, akangoja koo lipande na kushuka, akadondosha lingine. Tone, koo. Tone, koo. Bomba likaisha. Wakakaa wakimwangalia mtoto kama atatapika, ng'ombe wanalia zizini, ngurumo inasogea, na hakutapika.

"Sasa twende," Emerensiana akasema, wavulana nao walipokwisha kumeza vyao.

Walipofika senta, kwa mtumbwi na kisha kwa miguu, na Nkwimba akaliona gari, alisimama kama aliyepigwa msumari. Seni akamsihi, hakusogea. Minza ndiye aliyemponya. Alichomoka, akafungua mlango wa nyuma akaingia kama kwao. "Mama, njoo! Hili ni la hospitali. Lina kitanda, na huyu dereva ana pipi."

"Pipi zimekwisha," Valentino akasema.

"Muongo huyo, mama. Njoo."

Wavulana walipata nafuu mapema. Limi hapana. Damu yake ilipopimwa, zile chembe nyeupe za kupigana na maradhi zilikuwa zimekwisha kabisa, na homa ikapanda. Gasper alimtenga kwenye chumba cha peke yake, akawa anapiga simu kwa mabingwa wa Dar kila kukicha. Emerensiana alipitia chumba kile kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha. Anapima dawa, anaandaa, anakaa na Nkwimba, anamweleza: hii ni ya homa, hii ni ile ya kuzimua, leo kinywa kitauma zaidi, usiogope, msafishe na maji ya chumvi hivi. Nkwimba alianza kuuliza maswali. Mengine Emerensiana hakuwa na majibu yake, akawa anayasoma jioni ili asubuhi awe nayo. Siku nyingine alitoka mle chumbani akiamini kesho atakuta godoro tupu.

Seni alikuwa nje ya wodi muda wote. Ng'ombe wake walihamishwa na ndugu zake bila yeye, na kwa Msukuma hilo si jambo dogo.

Ilikuwa Jumapili, watu wanatoka misa ya kwanza, Emerensiana yuko koridoni, akasikia Nkwimba amepiga yowe. Akakimbia. Seni akamtangulia kuingia. Wakamkuta Nkwimba amekaa kitandani, machozi yanamtoka, ameshika ziwa.

"Ameniuma!" akapiga kelele. "Ameshika ziwa, ameninyonya, halafu ameniuma! Ana meno huyu mshenzi!"

Limi akawatazama wote, maziwa kidevuni, akarudi kwenye kazi yake.

Emerensiana alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, akalia kama mtoto. Gasper akamkuta hapo, akakaa pembeni yake. Emerensiana ndiye aliyeanza.

"Ile nafasi ya masomo bado ipo?"

"Si ulisema ni dawa za kusindikiza watu?"

"Nilisema. Zile dawa hazina ubaya, daktari. Ubaya ni watu kuachwa nazo peke yao. Mama mdogo aliachwa nazo peke yake, na mzee Seni nimemwacha nazo peke yake. Mimi nilidhani kazi yangu inaishia kwenye kioo."

Nyumbani ilikuwa kazi nyingine. Mkaguzi siku ile alikuta rafu zinang'aa na Stanislaus peke yake, akaondoka zake. Stanislaus alinuna kwa haki yake. Alinuna mpaka siku aliyokwenda wodini kumpelekea mkewe chakula, akamkuta Limi amelala amekumbatia buti moja la mpira la Stanislaus mwenyewe, lile lililokwenda mbugani, ambalo halikurudi kwa mlinzi. Alirudi nyumbani akasema, "Lile duka tumpe Digna alisimamie. Rafu zangu asiziwekee mafuta ya taa tu."

Emerensiana akaenda kusoma, akarudi. Kliniki ilipofunguliwa walimjengea dirisha zuri la kioo, lenye tundu la kuongelea. Akalikataa. Akataka chumba na viti viwili, na kwamba dawa ya kansa haitoki mkononi mwake mpaka mgonjwa au ndugu yake amekaa. Wengine hospitalini walimcheka kwamba amegeuka mshauri wa ndoa. Aliwaacha wacheke.

Juzi juzi Seni alikuja kuchukua mzigo wa mwisho wa Minza, maana Minza sasa ameambiwa akimaliza huo basi, ataendelea kupimwa tu. Alikuja na Limi, ambaye alikwea kiti cha mgonjwa akakikalia yeye, baba yake akabaki amesimama na fimbo. Nyuma yake alikuwa na Msukuma mwingine, mgeni, ambaye mkewe ameanza matibabu. Seni ndiye aliyemleta, maana siku hizi anawaleta wengi, na wote anawaambia njiani kosa alilofanya, bila kuficha.

Emerensiana akakishika kiboksi, hajakiachia.

"Baba Minza, tuanze kama kawaida. Nyumbani mmefika wangapi?"

Seni akamkonyeza mgeni wake. "Mayu, na ng'ombe niwahesabu?"

"Anza na hao," akasema Emerensiana. "Watu tutawafikia."